Kilima cha nyuma ya skuli: ni volkano au si volkano?

SWALI

Assalaam aleikum. Mimi ni mwalimu wa skuli ya msingi upande wa Wete, Pemba. Nyuma ya skuli yetu kuna kilima cha mviringo kilichosimama peke yake baina ya mabonde mawili ya mpunga. Udongo wake mwekundu sana. Juu kabisa kuna shimo linalotuama maji wakati wa masika, na chini kuna chemchem isiyokauka hata kiangazi. Wazee wanasema zamani kilitoa moto. Wanafunzi wangu wameokota mawe meusi yenye matundu shambani, na ufukweni wakapata jiwe jengine la kijivu, jepesi, ambalo ukilitia kwenye ndoo ya maji linaelea. Kijana mmoja anayetembeza wageni ameshaanza kuwaambia kwamba hii ni volkano iliyolala. Wazazi wengine wana khofu tangu ile zilzala ya mwaka 2020. Je, ni kweli? Na kama si kweli, kilima hiki ni kitu gani?

JIBU

Wa aleikum salaam, mwalimu. Nianze na khofu ya wazazi, maana hiyo haifai kusubiri. Kilima chenu si volkano. Hakikulala, hakikufa, hakikuwahi kuwa. Katika ardhi yote ya Pemba, na ya Unguja vilevile, hakuna kilima kilichojengwa na lava. Watoto waendelee kucheza.

Sijakiona kilima chenyewe kwa macho yangu, lakini umekieleza vizuri, na katika maelezo yako kuna kitu kimoja kinachonitosha: ile chemchem. Nitaifikia.

Kwanza tujue Pemba imejengwa na nini. Vilima vya magharibi, kuanzia Konde kushuka Wete, Chake Chake hadi Mkoani, ni mashapo: mchanga, udongo wa mfinyanzi na chokaa laini, vitu vilivyotuama baharini na kwenye midomo ya mito ya kale iliyoteremka kutoka bara. Mengi ya matabaka hayo ni ya zama za Miosini, zilizoanza miaka milioni 23 iliyopita na kumalizika miaka milioni 5 na kitu iliyopita. Upande wa mashariki na kwenye visiwa vya pembeni unakutana na maweni, yaani mwamba wa matumbawe, ambao ni wa juzi tu kwa hesabu za jiolojia. Yale matumbawe yaliishi wakati bahari iko juu, bahari iliposhuka yakabaki kavu. Picha hii si mpya. G. M. Stockley aliyepima visiwa hivi wakati wa ukoloni aliieleza kwenye ripoti yake ya mwaka 1928, na waliomfuata wamesahihisha mengi ya ndani lakini hawakuleta volkano.

Na wapo waliochungulia chini zaidi. Katika miaka ya 1950 na mwanzoni mwa miaka ya 1960, BP na Shell walichimba visima vya kutafutia mafuta Unguja na Pemba, visima vilivyokwenda chini zaidi ya kilomita tatu. Kote huko walipita mashapo juu ya mashapo. Kisima hakioni kila mahali, lakini katika visima hivyo haikuonekana dalili ya volkano.

Sasa tutazame kilima kidogo cha volkano cha kweli kinavyozaliwa, ili mlinganishe wenyewe. Mfano mzuri kuliko yote ni Parícutin, Meksiko. Mwezi wa Februari 1943, katika shamba la mahindi la mkulima aliyeitwa Dionisio Pulido, ardhi ilipasuka ikaanza kutoa moshi na mawe ya moto. Ndani ya mwaka mmoja palikuwa na kilima kilichopita mita 300. Kiliponyamaza mwaka 1952 kilikuwa na mita 424 kutoka usawa wa lile shamba. Watu walikiona kikizaliwa, kikikua na kufa. Jambo la nadra sana katika fani yetu, ambayo kwa kawaida tunafika mamilioni ya miaka baada ya shughuli kwisha.

Kinachojenga kilima cha namna hiyo ni gesi. Magma, yaani mwamba ulioyayuka chini ya ardhi, inapopanda, gesi iliyomo ndani yake inatanuka na kuirusha juu vipande vipande. Vipande vinapoa hewani na kuanguka kuzunguka tundu, vikiwa na matundu mengi kama mkate wa kumimina. Vinajipanga vyenyewe kwa mteremko wa nyuzi 30 hivi, maana kokoto kavu haziwezi kusimama wima zaidi ya hapo, na katikati panabaki kasoko, yaani shimo la mdomo wa volkano. Lava yenyewe mara nyingi haipiti juu. Rundo la kokoto halina nguvu ya kuizuia, basi inatoboa chini ubavuni na kutiririka. Ndiyo maana ukizunguka kilima kama hicho utakuta ulimi wa jiwe jeusi, gumu, lenye makali, umelala bondeni.

Si lazima mtu asafiri hadi Meksiko. Miteremko ya Kilimanjaro imejaa vilima vidogo vya pembeni, na Ziwa Chala, mpakani mwa Tanzania na Kenya, limo ndani ya kasoko. Na sisi Wazanzibari tuna jamaa zetu Ngazija, kisiwa kimoja cha Komoro. Waulizeni habari za Karthala, mlima wa mita 2,361 ambao hadi leo uko hai. Mwaka 2005 ulirusha majivu yakaingia kwenye mabirika, yaani matangi ya kukingia mvua, ya maji ya kunywa ya vijiji vingi, watu wakataabika kwa maji safi.

Hapo kwenye mabirika ndipo ninapotaka mwalimu usimame, maana ndipo chemchem yenu inapoingia. Kwa nini Wangazija wanahitaji mabirika, na kisiwa chao kinapata mvua kubwa? Kwa sababu mwamba wa volkano ambao bado ni mpya unavuja. Lava imejaa nyufa, kokoto zimejaa matundu, mvua inanyesha na kuzama moja kwa moja hadi chini kabisa. Ngazija haina mto hata mmoja unaotiririka mwaka mzima. Pemba ni kinyume chake. Nendeni bonde lolote la magharibi mtakuta kijito, na pembeni mwa kila bonde la mpunga maji yanachuruzika kutoka chini ya kilima.

Hesabu yake ni rahisi. Juu pana mchanga, chini yake pana udongo wa mfinyanzi. Mvua inapita kwenye mchanga polepole, inafika kwenye mfinyanzi, inakwama. Haiwezi kushuka tena, kwa hiyo inatembea kwa ubavu hadi inapokuta mahali kilima kimekatika, inatoka nje. Hiyo ndiyo chemchem. Haikauki kiangazi kwa kuwa mchanga ulio juu yake unashikilia mvua ya masika na ya vuli na kuiachia kidogo kidogo. Kilima chenu ni tangi, na mpunga ule unakunywa humo. Ukitaka kuhakikisha, tieni mkono kwenye maji. Yakiwa baridi ya kawaida, hakuna moto unaoyapasha.

Tuje kwenye ushahidi wa upande wa pili, uliompoteza kijana wa wageni.

Wekundu wa udongo ni kutu. Madini yenye chuma yakikaa muda mrefu penye joto na mvua, kile chuma kinakutana na oksijeni, kinageuka wekundu, na vitu vyengine vinachukuliwa na maji. Wakulima wetu wanaujua udongo huu kwa majina yao, kinongo kwa mwekundu mzuri, kinamo kwa ule mzito unaonata, kichanga kwa ule unaopitisha maji, na wamekuwa wakipanda kwa kufuata majina hayo kabla sisi hatujaleta vipimo vya maabara. Volkano kongwe nazo zinatoa udongo mwekundu, sikatai, na hapo ndipo watu wengi wanapoteleza. Rangi inakwambia pana chuma na pamepita muda. Mwamba ulitoka wapi, rangi haijui.

Shimo la juu nina shaka nalo, na shaka yangu ni kwamba limechimbwa na watu. Vizazi vyote vilivyojenga nyumba za miti na udongo vilihitaji udongo wa kukandikia, na mahali pazuri pa kuuchukua ni kilimani, palipo pakavu. Ulizeni bibi mmoja mwenye umri mkubwa hapo kijijini kabla hamjaniuliza tena mimi. Kama chini ya kilima pana tabaka la chokaa, upo uwezekano wa pili: maji ya mvua yana ukali kidogo, yanaimumunya chokaa polepole, uwazi unatokea chini, kisha dari linaanguka. Mapango ya Mangapwani, Kiwengwa na Kuumbi kule Unguja yametokana na kumumunywa huko huko kwa mwamba. Lakini shimo linalotuamisha maji juu ya kilima cha mchanga na mfinyanzi, mimi nalishuku jembe kwanza. Kasoko la kilima cha kokoto kwa kawaida halishiki maji, linavuja kama kilima chenyewe.

Mawe meusi yenye matundu ndiyo yaliyonifurahisha zaidi. Yanaweza kuwa vigololi vya chuma vinavyojifanya vyenyewe kwenye udongo mwekundu. Hivyo ni vizito, vya mviringo, vya kahawia iliyokoza, na vikivunjwa ndani ni vyekundu au vya manjano. Lakini umesema yana matundu. Basi yatazameni upya. Kama yana uso unaong'aa kidogo kama kioo, umeyayuka na kuganda, huenda mmeokota mavi ya chuma, yale mabaki ya tanuri la mhunzi. Mavi ya chuma yanafanana na jiwe la volkano kiasi kwamba mtu akiyaweka mezani bila kusema yametoka wapi, itanibidi niyatie sumaku na kuyakata kabla sijasema neno. Pemba ina vijiji vya kale vya zaidi ya miaka elfu moja, Tumbe ni mmoja wao, na wahunzi walifanya kazi katika mwambao huu wote. Mkikuta pamoja nayo vigae vya vyungu, msichimbe. Wapelekeeni habari watu wa mambo ya kale. Mtakuwa mmepoteza volkano mkapata kijiji, na kwa maoni yangu hiyo ni faida.

Kuna na njia ya tatu, ila ni ya karibu na pwani zaidi kuliko shambani: farumi. Majahazi na meli zilizokuja tupu zilijaza mawe tumboni ili zisipinduke, zikafika bandarini zikayamwaga. Jiwe la basalti, yaani lava nyeusi iliyoganda, la nchi nyengine linaweza kukaa ufukweni Pemba likamdanganya mtu.

Jiwe linaloelea, hilo ni la volkano kweli. Nampa haki yake kijana wa wageni kwa hilo moja. Ni povu la lava lililoganda likiwa bado limejaa gesi, ndiyo maana ni jepesi kuliko maji. Ni lile lile wanalouza madukani la kusugulia visigino. Ila halikutoka kilimani, limekuja kwa bahari. Mwezi wa Agosti 1883 volkano ya Krakatau, baina ya Java na Sumatra, ililipuka na kuifunika bahari kwa mawe kama hayo. Mkondo wa bahari unaokwenda magharibi uliyabeba kupita Bahari ya Hindi nzima, na mwaka 1884 yalikuwa yameshafika mwambao wa Afrika Mashariki, Zanzibar ikiwemo. Tangu hapo volkano nyengine za baharini zimetapika, na mawe yanaendelea kuja. La kwenu limetoka ipi, huwezi kujua kwa kulitazama. Alama ni kwamba mnaliokota ufukweni pamoja na mwani na vifuu vya nazi. Siku mtakapolichimbua katikati ya kilima, niandikie usiku huo huo.

Kuhusu wazee na moto wao, sitaki kuwapuuza, maana kisiwa chenu kina kitu kinachowaka kikitoka ardhini. Tundaua, upande wa magharibi, mafuta ya ardhini yanavuja yenyewe, na ndiyo moja ya sababu kampuni zilikuja kuchimba visima. Mafuta hayahusiani na volkano hata kidogo. Yanatokana na viumbe vidogo vya baharini waliofukiwa ndani ya mashapo, wakapikwa taratibu na joto la chini kwa mamilioni ya miaka. Sisemi kilima chenu kinavuja mafuta. Huenda moto wa wazee ulikuwa tanuri la chokaa lililowashwa juu kwa siku kadhaa, mwanga wake ukaonekana hadi kijiji cha pili. Ulizeni nani aliuona, na moshi ulikuwa wa rangi gani. Masimulizi yanachambuliwa kama mawe.

Zilzala ya tarehe 12 Agosti 2020 kiini chake kilikuwa baharini, kusini-mashariki ya Dar es Salaam, na nguvu yake ilikuwa karibu 6. Tuliisikia Zanzibar, nyumba zikatikisika, watu wakatoka nje. Sababu yake ni kwamba Afrika Mashariki inavutwa ipasuke, na Bonde la Ufa si lile la bara peke yake. Nyufa nyengine zinapita chini ya bahari mbele ya mwambao wetu. Mwamba ukivutwa hadi kushindwa, unateleza kwenye ufa, ardhi inatikisika. Haihitajiki magma. Ipo volkano changa iliyozaliwa baharini mwaka 2018, mashariki ya Mayotte, na kuzaliwa kwake kulifuatana na mitetemeko mingi, lakini huko ni mbali nanyi sana na ni chini ya bahari ya kina cha kilomita tatu na nusu.

Nyufa hizo hizo ndizo zilizoipa Pemba umbo lake, na hapa nitakaa kidogo kwa sababu ndiyo habari ninayotaka wanafunzi wako waisikie badala ya ile ya volkano. Bahari baina ya Unguja na bara ni ya kina kifupi, makumi ya mita tu. Bahari baina ya Pemba na bara inashuka hadi mita 800 hivi. Ardhi ya hapo ilikatika kwenye nyufa ikazama, Pemba ikabaki imesimama. Miaka 20,000 iliyopita, wakati maji mengi yalikuwa yameganda barafu juu ya nchi kavu, bahari ilikuwa chini kwa mita 120 hivi kuliko leo. Unguja iliungana na bara, wanyama wakatembea kwa miguu hadi huko. Mifupa ya punda milia imepatikana katika pango la Kuumbi. Pemba haikuungana. Iliendelea kuwa kisiwa, na kwa sababu hiyo ina popo wake mkubwa ambaye hayupo mahali pengine popote duniani, na bundi wake, na katika msitu wa Ngezi kuna mpapindi, mti wa jamii ya mnazi ambao ndugu zake wa karibu wako Bukini (Madagaska).

Wakati ule bahari iko chini, mito ya Pemba ilikuwa na mteremko mkali wa kukimbilia, basi ilichimba mabonde kwa nguvu katika mchanga na mfinyanzi. Bahari iliporudi juu, midomo ya mabonde ilizama ikawa hori, yale mahori marefu ya magharibi yenye mikoko, na sehemu za ndani zikajaa tope likalala sawa. Ndiyo mabonde yenu ya mpunga. Kilima chenu ni kipande ambacho vijito viwili vilikikosa, kimoja kila upande. Pengine juu pana ganda gumu la udongo wa chuma lililokikinga na mvua, wakati majirani zake wameoshwa. Umbo la mviringo limetoka hapo. Mvua huviringisha kila kitu ikipewa muda.

Msiniamini kwa maneno tu. Tafuteni mahali kilima kimekatwa, pembeni ya barabara au kwenye ukingo uliomomoka, mtazame kama kuna mistari ya matabaka iliyolala. Chukueni udongo wa juu na wa chini, kila mmoja kwenye chupa ya maji, mtikise na kuacha hadi asubuhi. Mchanga utakaa chini, mfinyanzi juu, na chembe za mchanga zikioshwa zitang'aa nyeupe, maana asili yake ni miamba migumu ya bara iliyosagwa na mito. Mawe meupe myadondoshee siki. Yakitoa povu, ni chokaa, na mtazame kwa kioo cha kukuzia mtafute makombe madogo. Volkano ya nchi kavu haina makombe ya baharini tumboni. Sumaku mnaweza kuitumia pia kwenye yale mawe meusi, ila msiihukumie peke yake, kwa sababu basalti inavutwa kidogo, mavi ya chuma yanavutwa, na hata baadhi ya vigololi vya udongo mwekundu vinavutwa.

Kijana wa wageni mwambieni asibadilishe njia yake, abadilishe maneno. Mgeni anayetoka Ulaya ameshaona volkano nyingi kwenye picha. Kusimama juu ya tope la mto wa miaka mamilioni iliyopita, na kuonyeshwa chemchem inayolisha mpunga chini yake, hiyo hakuiona.

Kuna jambo moja kwenye kilima hiki ambalo mimi lingenitia wasiwasi kuliko moto, nalo hukulitaja: kama kuna watu wanachimba mchanga chini yake. Mchanga uliokaa juu ya mfinyanzi uliolowa unateleza, hasa mguu wake ukishakatwa, na skuli yenu iko chini ya kilima. Wakati wa masika pitieni juu mkatazame. Mkiona ufa mrefu kwenye udongo unaofuata ukingo, au miti iliyoanza kuinama upande mmoja, au chemchem imegeuka tope ghafla, yafungeni madarasa ya upande huo na mwiteni sheha siku hiyo hiyo.